Mwanamke na Kujishuku Kazini: Mtazamo wa Lugha na Fasihi Simulizi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuichunguza hali moja ambayo huwasumbua wanawake wengi waliosoma na kuajiriwa, lakini ambayo ni nadra kuisikia ikijadiliwa katika vikao vya chama chetu. Ni hali ya mtu aliyefuzu, mwenye shahada mkononi na barua ya ajira katika faili, kuishi akiamini kwamba cheo alicho nacho si haki yake. Kwamba alikipata kwa bahati, kwa huruma ya wakubwa au kwa kosa la karani fulani, na kwamba siku moja atagunduliwa na kuondolewa. Jambo la kushangaza ni kwamba kufaulu hakumpunguzii hofu hiyo. Humwongezea, kwa sababu kadiri anavyopanda ndivyo anavyoona kwamba ataanguka kutoka mahali pa juu zaidi.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili linahusiana vipi na Kiswahili? Je, si suala la wanasaikolojia? Ni kweli kwamba wanasaikolojia ndio waliotangulia kulieleza, nasi tutawarejelea. Hata hivyo, tunashikilia kwamba sehemu kubwa ya hali hii imo katika lugha: katika namna mwanamke alivyofunzwa kusema juu ya kazi yake, na vilevile katika namna msikilizaji wake alivyofunzwa kumsikia. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anazo zana za kuichambua ambazo huenda mtaalamu wa nafsi hana.

Kuhusu jina

Dhana hii iliingia katika taaluma ya saikolojia mwaka 1978, wakati Pauline Rose Clance na Suzanne Imes, wa Chuo Kikuu cha Georgia State mjini Atlanta, Marekani, walipochapisha makala yaliyotokana na kazi yao na wanawake zaidi ya 150. Hao hawakuwa watu wasiojiweza. Baadhi yao walikuwa na shahada za uzamifu, wengine waliheshimika katika taaluma zao, na wengine walikuwa wanafunzi waliotambuliwa kwa ubora wao. Lakini kila mmoja alikuwa na maelezo ya kuukana ufanisi wake: kamati ya udahili iliteleza, aliyesahihisha mtihani alikosea, mwalimu alinipendelea. Clance na Imes walieleza pia mzunguko unaoidumisha hali hii. Mwanamke hupewa kazi, hofu humwingia, hufanya kazi hiyo mpaka usiku wa manane kupita kiasi kinachohitajika, hufaulu, kisha husema kwamba alifaulu kwa sababu tu alijiumiza. Hivyo hapati kamwe nafasi ya kujua angefanya nini kwa uwezo wake wa kawaida.

Ni muhimu kutaja kwamba wataalamu hao hawakuiita maradhi. Neno lenye harufu ya hospitali lilikuja kubandikwa baadaye, na mpaka leo hali hii haimo katika mwongozo rasmi wa maradhi ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani. Tafiti zilizofuata zilionyesha aidha kwamba wanaume nao huipata. Tunaizungumzia kwa upande wa wanawake kwa sababu, kama tutakavyoona, mazingira ya kazi humchochea mwanamke kuwa nayo kwa njia ambazo mwanamume hakumbani nazo.

Je, tuiiteje kwa Kiswahili? Kuna wanaosema "dalili za ulaghai." Tafsiri hiyo haifai, kwa kuwa inamfanya mwanamke kuwa mlaghai hasa, naye si mlaghai, tatizo lake ni kudhani kuwa yeye ni mlaghai. "Kujiona tapeli" inakaribia, ingawa tapeli wa kweli hajioni tapeli, na neno lenyewe lanukia zaidi soko na mifuko iliyochanwa kuliko ofisi. "Kutojiamini" ni pana mno: mtu anaweza kutojiamini kwa sababu kwa hakika hajaifahamu kazi yake. "Unyenyekevu" nao ni sifa njema, na "haya" vilevile.

Pendekezo letu ni kujishuku. Kitenzi shuku twakijua, na katika taarifa za habari za Kenya twasikia kila siku neno mshukiwa, yaani mtu anayedhaniwa kutenda kosa ambalo bado halijathibitishwa. Anayejishuku ni mshukiwa na askari kwa wakati mmoja. Anajipekua mifuko yake mwenyewe. Neno hili lina faida nyingine: linatukumbusha kwamba shaka si hukumu, na kwamba pale penye mshukiwa ni halali kuuliza ni nani aliyepiga ripoti.

Aliyepiga ripoti

Ushauri anaopewa mwanamke anayejishuku huwa mmoja tu: jiamini. Ushauri huo unachukulia kwamba shaka ilizaliwa moyoni mwake na kwamba dawa yake imo humo humo. Mwaka 2021 Ruchika Tulshyan na Jodi-Ann Burey waliupinga mtazamo huo katika jarida la Harvard Business Review. Walidai kwamba wanawake wamekuwa wakitumwa kujirekebisha ilhali kinachohitaji kurekebishwa ni mahali pa kazi panapowatilia shaka. Nadhani walisema kweli, ijapokuwa, kama nitakavyoeleza, sidhani kwamba ni kweli yote.

Hapa kwetu tunao mfano ulioandikwa na mhusika mwenyewe. Katika tawasifu yake, Unbowed, iliyochapishwa mwaka 2006, Profesa Wangari Maathai anasimulia kwamba alirejea nyumbani kutoka Marekani Januari 1966 akiwa ameahidiwa kwa maandishi kazi katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika aliambiwa kwamba nafasi hiyo imepewa mtu mwingine. Alipata kazi katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Mwaka 1976 akawa mwenyekiti wa idara, na mwaka uliofuata akawa profesa mshiriki. Licha ya hayo yote, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilazimika kupigania marupurupu, yakiwemo ya nyumba, ambayo wanaume wa cheo chao walipewa bila kuyaomba. Mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mtu wa kutunzwa na mumewe.

Hebu tutafakari maana ya utaratibu huo. Mwajiri anamwambia mhadhiri, kwa maandishi na kwa mshahara, kwamba yeye yupo chuoni kama mgeni. Kwamba riziki yake hasa iko kwingine. Mhadhiri huyo akilala usiku akijiuliza kama kweli mahali hapa ni pake, je, shaka hiyo imetoka moyoni mwake? Yeye hakupiga ripoti. Ripoti ilipigwa na ofisi ya fedha.

Masharti ya aina hiyo yamepungua, lakini ripoti bado zinapigwa kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi, Bodi ya Pamoja ya Udahili, ambayo majukumu yake yalichukuliwa na asasi nyingine kufuatia Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, iliwapunguzia wasichana kidogo alama za kuingilia vyuo vikuu vya umma ili idadi yao iongezeke. Hatua hiyo ilikuwa ya haki ukizingatia hali za shule nyingi walikotoka. Hata hivyo, msichana aliyeingia na alama zinazowashinda wavulana wa darasa lake naye aliulizwa, kwa mzaha usio mzaha, aliingia kwa alama zipi. Kadhalika Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inadai kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili katika asasi za kuchaguliwa au kuteuliwa. Kanuni hiyo imewafungulia wanawake milango. Pamoja na hilo, imewapa wenye kinyongo sentensi iliyo tayari: "Amepewa kwa sababu ni mwanamke." Ni ajabu kwamba zile miongo ambapo nafasi karibu zote zilikwenda kwa wanaume hazikumzalia hata mwanamume mmoja sentensi ya namna hiyo.

Lugha yetu yenyewe, katika sarufi yake, haina lawama hapa. Kiambishi a- hakituambii kama aliyefika ni mume au mke, na mwalimu, daktari na mwenyekiti ni maneno yasiyo na jinsia. Ni sisi wasemaji tunaoongeza: "mhadhiri wa kike," "hakimu wa kike." Hatusemi "mhadhiri wa kiume" ila tunapotaka kutofautisha. Kivumishi hicho kidogo humwambia msikilizaji kwamba mtu huyu ni wa pekee na kwamba inafaa aangaliwe mara mbili.

"Mimi" ya majigambo, "sisi" ya lelemama

Tumefika sasa katika sehemu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha suala hili kwetu sisi wa Kiswahili. Kila aliyepitia kozi ya fasihi simulizi anayajua majigambo, au vivugo. Anajua kwamba hutungwa na kughanwa na mtu anayejisifu mwenyewe, kwamba husemwa kwa nafsi ya kwanza, kwamba hutaja nasaba na matendo, na kwamba hupambwa kwa sitiari na chuku. Vitabu vyetu vya kiada huongeza kwamba majigambo aghalabu hughanwa na wanaume. Sentensi hiyo tuliikariri, tukaiandika katika mtihani, tukaisahau. Ingefaa tuirudie, kwa kuwa inasema jambo zito: jamii ilimwandalia mwanamume utanzu mzima wa kusema "mimi nilifanya," ikampa na hadhira ya kumwitikia.

Je, mwanamke hakujisifu? Alijisifu, lakini mara nyingi kwa njia ya kundi. Katika pwani ya Kenya, hasa Mombasa na Lamu, vyama vya lelemama vya wanawake vilishindana kwa ngoma, mavazi na nyimbo zilizojaa mafumbo na kejeli kwa wapinzani. Mwanahistoria Margaret Strobel alivieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa. Wanawake hao hawakuwa wanyonge wala wanyamavu. Lakini fahari waliyoishindania ilikuwa ya chama; aliyeshinda alikuwa "sisi." Sidai kwamba kila jamii ya nchi hii iligawa mambo hivyo, wala kwamba hapakuwa na mwanamke aliyejigamba peke yake. Ninadai tu kwamba "mimi" ya kujisifu hadharani ilikuwa na njia pana kwa mwanamume, na kwa mwanamke ilikuwa kichochoro.

Tuongeze methali. Twaambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akiambiwa mwanamume, methali hii ni onyo la kawaida dhidi ya majivuno. Akiambiwa mwanamke, kitenzi jitembeza kinabeba tusi, na kila msemaji wa Kiswahili analijua tusi hilo bila kuelezwa. Basi mwanamke mwenye busara anakaa kimya akingoja kazi yake ijiuze. Ofisini kazi haijiuzi. Inaingia katika kabati pamoja na fomu nyingine.

Mahali pa kazi pa leo, ukipachunguza vizuri, ni uwanja wa majigambo. Barua ya maombi ya kazi, wasifukazi, mahojiano mbele ya jopo, fomu ya tathmini ya kila mwaka: zote zinataka nafsi ya kwanza umoja, zinataka nasaba ya kitaaluma na orodha ya matendo, na chuku kidogo haikatazwi. Mwanamke anaingia uwanjani humo na "sisi" ya lelemama na haya aliyosifiwa tangu utotoni. Anasema kwa lugha aliyofunzwa, anasikika kama mtu asiye na la kusema, ananyimwa cheo, kisha kunyimwa huko kunakuwa ushahidi mpya wa kujishuku.

Inafaa tutofautishe jambo moja hapa. Unyenyekevu wa kimila si kujishuku. Washairi wetu wa kale walijinyenyekeza sana mwishoni mwa tenzi zao, waume kwa wake. Waliomba wasamehewe dhambi na makosa yao. Mwana Kupona, katika utendi wake wa mnamo mwaka 1858, anajitaja kama mtu mwenye huzuni na anaomba maghufira. Lakini anatoa pia hesabu: anatuambia kwamba beti za utendi wake ni 102. Kwangu mimi huo ni ufundi ambao tumeupoteza. Mtunzi anainama mbele ya Mola, ila haikani kazi yake wala haisingizii bahati. Beti ameziandika na amezihesabu.

"Zilifunzwa na nani?"

Naomba msomaji aniwie radhi nitoe mfano wangu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza kama mhadhiri wa muda, katika chuo ambacho si lazima kukitaja, nilijaza fomu ya tathmini ya utendakazi. Kabla ya kuiwasilisha nilimwonyesha mhadhiri mmoja, mama wa makamo aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Aliisoma polepole, kalamu nyekundu mkononi kana kwamba anasahihisha insha. Nilikuwa nimeandika: "Kozi tatu zilifunzwa. Kongamano la wanafunzi liliandaliwa kwa mafanikio. Nilibahatika kusimamia miradi michache ya utafiti."

Aliuliza, "Zilifunzwa na nani, binti yangu?"

"Na mimi, Mwalimu."

"Na hili kongamano?"

"Tuliliandaa na wenzangu."

"Nani aliandika barua za mialiko? Nani alilala ofisini usiku wa kuamkia siku ile?"

Nilinyamaza. Alinirudishia fomu akasema, "Wewe unafundisha kauli za vitenzi. Nenda ukaisome hii kama unavyoisoma kazi ya mwanafunzi."

Nilikwenda nikaisoma hivyo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa sikio la sarufi namna wanawake wenzangu tunavyozungumza kazini. Haya ni maoni ya msikilizaji, si matokeo ya utafiti, na ningefurahi mwanafunzi wa isimujamii akiyachukua ayapime. Jambo la kwanza ni kauli ya kutendwa. "Zilifunzwa," "liliandaliwa," "ripoti ilikamilishwa." Kauli hii ina matumizi yake halali, mathalani pale mtendaji asipojulikana au asipokuwa muhimu. Katika fomu ya tathmini mtendaji ndiye anayetafutwa, nasi twamfuta kwa kiambishi -w-. Pili ni msamiati wa bahati: "nilibahatika," "nilijaliwa," "nilipata tu." Shukrani kwa Mungu ni jambo la imani na silipingi, lakini jopo la mahojiano halina njia ya kumpandisha Mungu cheo, kwa hiyo humpandisha mtu mwingine. Tatu ni udogo. Mkutanoni mwanamke husimama akasema, "Samahani, nina kijiswali," kisha akauliza swali zito kuliko yote ya siku hiyo. Hatuandiki makala, tunaandika "kijimakala." Viambishi hivi vya udogo ni adabu, na vinapendeza baina ya marafiki. Mbele ya watu wanaokutilia shaka vinakuwa ungamo.

Mtu anaweza kusema kwamba wanaume nao hutumia "nilibahatika." Ni kweli. Profesa wa kiume akipanda jukwaani akasema yeye ni mwanafunzi tu, ukumbi hucheka kwa upendo na kumwona mkubwa zaidi. Unyenyekevu wake hauaminiwi. Msaidizi wake wa kike akisema maneno yayo hayo, anaaminiwa. Hapa ndipo ushauri wa kujiamini unapogonga mwamba, kwa sababu tofauti haiko kwa msemaji bali iko kwa wasikilizaji.

Gharama yake

Yapo madhara yanayoonekana. Mwenzangu mmoja, ambaye tulisoma naye uzamili, alikubaliwa kuwasilisha makala katika kongamano. Alikuwa ameyafanyia kazi kwa miezi minane. Asubuhi ya siku yenyewe alimwomba mwenzetu wa kiume amsomee, akisema sauti imemkauka. Haikuwa imekauka. Aliniambia baadaye kwamba aliona profesa fulani ameketi safu ya mbele, akawa na hakika kwamba swali la kwanza litamfichua. Makala yalisifiwa. Aliyeyasoma alifikiwa na watu wakati wa chai, akaombwa anwani, akaalikwa kushiriki katika mradi. Hakumwibia mtu, alisema mara mbili kwamba kazi si yake. Lakini watu walikuwa wamemwona yeye akiisema, na katika kumbukumbu za watu kazi ikawa yake.

Mambo ya kila siku ni madogo kuliko hayo ila hujumlika. Kamati ikikaa, mwanamke huombwa aandike kumbukumbu za mkutano, na anayejishuku hukubali kwa haraka kwa kuwa anayeandika haulizwi maoni. Hukubali madarasa ya ziada. Hasemi "sijui," kwa sababu neno hilo, ambalo kwa msomi ni la kawaida, kwake ni kama kukiri kosa.

Namna ya kuikabili

Sikubaliani moja kwa moja na wale wanaodai kwamba, kwa vile tatizo liko kwa waajiri, mwanamke hana la kufanya ila kungoja waajiri wabadilike. Wangari Maathai na mwenzake hawakungoja. Lakini ili udai haki yako ni lazima kwanza uamini kwamba unayodai ni haki yako. Hivyo kazi ni mbili na zinakwenda pamoja.

Kazi ya kwanza ni kutenganisha ripoti. Shaka inapokujia, jiulize imetoka wapi. Ikiwa imetoka katika jambo usilolijua, mathalani kozi mpya ya fonolojia uliyopewa wiki mbili kabla ya muhula, basi hiyo si kujishuku. Ni ukweli, na dawa yake ni maktaba. Ikiwa imetoka kwa mtu aliyekuuliza uliingia kwa alama zipi, au kwa mwanafunzi aliyekukuta darasani akakuuliza mwalimu atafika saa ngapi, basi iandike kwa jina la aliyeileta na usiibebe wewe. Ikiwa huoni chanzo, na kazi zako zote zinaonyesha kinyume chake, hapo ndipo penye kujishuku hasa.

Kwa hali hiyo ya mwisho, Clance na Imes walipendekeza jambo ambalo nimelijaribu. Waliwataka wanawake waandike kila sifa waliyopewa juu ya uwezo wao, na kando yake waandike jinsi walivyoikataa. Safu ya pili ndiyo yenye mafunzo. Nilipoanza daftari langu niligundua kwamba nina mbinu tatu tu za kukataa sifa, nazirudia mwaka mzima: namtaja aliyenisaidia, nataja kasoro ambayo msifu hakuiona, au nabadilisha mazungumzo. Mtu akishaziona mbinu zake zimeandikwa, inakuwa vigumu kuzitumia bila kujicheka. Walihimiza pia wanawake wakutane katika vikundi, kwa kuwa anayejishuku hudhani yuko peke yake. Hapa lelemama inaturudia kwa sura nyingine, kwani "sisi" iliyotuzuia kusema "mimi" mbele ya jopo inaweza kutufaa pale tunapofanya mazoezi ya kuisema. Chama chetu kina nafasi ya kuandaa kikao cha namna hiyo kila muhula, wasichana wa mwaka wa nne wakiwahoji wa mwaka wa tatu, kwa Kiswahili, kama jopo.

Katika kikao hicho zoezi la kwanza liwe la sarufi. Kila mmoja alete ukurasa mmoja wa wasifukazi wake. Apigie mstari kila kitenzi cha kutendwa na kila neno la bahati. Kisha aandike upya, akirejesha mtendaji na kuongeza hesabu, kama mtunzi wa utendi anavyohesabu beti. Fomu yangu ilipoandikwa upya ilisomeka hivi: "Nilifundisha kozi tatu zilizokuwa na wanafunzi 140. Niliratibu kongamano la wanafunzi nikiwa na kamati ya watu watano. Niliandika mialiko na kuhariri programu. Nilisimamia miradi sita ya utafiti, na yote sita ilikamilika kwa wakati." Angalia kwamba hamna chuku hata moja. Wenzangu wametajwa na haki yao wamepewa. Hakuna kilichozidishwa isipokuwa kiambishi ni-.

Kazi ya pili inawahusu wanaosikiliza, wakiwemo wahadhiri wa kiume watakaosoma kurasa hizi. Wanaokaa katika jopo wanaweza kuuliza swali lile la mama yule: zilifunzwa na nani? Wenyekiti wa kamati wanaweza kuzungusha kalamu ya kumbukumbu. Na anayesikia kazi ya mwanamke ikisemwa kwa kinywa cha mwingine anaweza kuuliza mwenye kazi ameketi wapi.

Mwenzangu yule alirudi katika kongamano jingine miaka miwili baadaye. Safari hii alisoma mwenyewe. Karatasi ilimtetemeka mkononi kwa dakika tano za mwanzo, nasi tuliokuwa karibu tuliiona. Aliulizwa maswali manne. Matatu aliyajibu. Kwa la nne alisema, "Hilo sijui, Profesa, nitalichunguza," akaliandika katika daftari lake, akaketi.